Namna ya Kumwomba Mtu Mzima Avue Helmeti

Wiki iliyopita nilishuka mjini kufuatilia mafao yangu, nikasimama nje ya benki moja kupumzisha miguu. Mlangoni alikuwa kijana wa ulinzi, mrefu, buti zimepigwa rangi zikang'aa. Akaja dereva wa bodaboda na helmeti kichwani. Yule kijana akaigonga helmeti kwa kirungu mara tatu, akasema, "Wewe, toa hilo sufuria!" Dereva akatoa, akamtazama kwa macho ninayoyafahamu sana, akaingia. Kijana akarudi kusimama mahali pake, ameridhika kabisa na kazi yake. Mimi nilipanda gari nikarudi Old Moshi nimechoka, na uchovu wenyewe haukuwa wa miguu peke yake. Ndiyo maana nimetafuta daftari niwaandikie ninyi mnaosimama milangoni siku hizi.

Naitwa Njau. Nilianza kusimama mlangoni mwa benki hapa Moshi katikati ya miaka ya themanini, pikipiki za mji huu zikiwa chache kiasi kwamba ukisikia mlio unamjua mwenyewe, nikaacha bodaboda walipokwisha kujaa kila kona. Sijawahi kukamata jambazi hata mmoja. Mkitaka hadithi za risasi, tafuteni mzee mwingine. Kazi yangu kubwa ilikuwa moja tu, kumwomba mtu avue helmeti kabla hajaingia. Najua mtasema hiyo nayo ni kazi? Fanya wewe mara sitini kwa siku, kwa watu sitini wenye haraka zao, magonjwa yao na vyeo vyao, halafu uje tuzungumze.

Mwanzoni hapakuwa na amri yoyote ya helmeti. Waliokuja na pikipiki tuliwajua: padre mmoja wa Kibosho, mabwana shamba wawili, bwana mifugo, na fundi wa mashine za kumenyea kahawa. Nusu yao hawakuwa hata na helmeti. Padre alikuwa nayo, na aliingia ameibana kwapani kama mtu aliyebeba jogoo. Tulimwamkia, akaenda zake dirishani.

Halafu biashara ikafunguliwa. Maduka yaliyokuwa matupu yakajaa vitu, wanunuzi binafsi wa kahawa wakapanda vijijini, pikipiki zikaanza kushushwa kwa makontena, na pamoja nazo wakaja watu wa kuvamia maduka, nyuso zao zimo ndani ya helmeti. Ikashuka barua kutoka makao makuu: asiingie mtu aliyefunika uso. Barua ilikuwa na mistari miwili. Haikusema utamwambiaje mzee wa miaka sabini ambaye hiyo helmeti yenyewe ameiazima, na Jumapili yeye ndiye anayesimama mbele ya kanisa kusoma matangazo.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Mzee Mkude, Mluguru wa Morogoro, aliyewahi kulinda kwenye mashamba ya miwa huko chini kabla ya kuja benki. Alikuwa mfupi, sauti yake ndogo, na Kichagga chake kilianzia kwenye jina la pombe yetu ya ndizi, mbege, na kuishia hapo hapo. Siku ya kwanza ya amri ile, mimi nilisimama katikati ya mlango nimetanua mikono. "Helmeti!" nikapiga kelele. Bwana shamba akanipita chini ya kwapa kama hakuniona. Mkude akanivuta pembeni.

"Njau, umemsalimia?"

"Amri inasema avue helmeti, Mzee."

"Amri haina mdomo. Mdomo unao wewe. Tulia hapo uone."

Akaja mnunuzi mmoja wa kahawa, ana haraka, helmeti imemkaa mpaka shingoni. Mkude akamsogelea, akainama kidogo, akasema kitu kwa sauti ya chini kabisa. Yule bwana akasema, "Unasemaje?" Mkude akarudia, chini zaidi. Yule bwana akaona taabu, akaivuta helmeti akaitoa ili asikie.

"Nilikuwa nakusalimu tu, bwana mkubwa. Habari za huko juu?"

"Aah! Nzuri, Mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Nikushikie hiyo?"

Akaipokea, akaiweka juu ya meza yetu, mtu akaingia ndani uso wazi. Hakuna aliyeamriwa, hakuna aliyebishana.

"Mtu wenu wa mlimani," Mkude akaniambia, "anaweza kukunyima njia shambani kwake, anaweza hata kukunyima maji ya mfereji. Salamu ya mtu mzima hawezi kuikataa. Basi wewe mpe salamu isiyoweza kupenya kwenye helmeti."

Nilifanya hivyo miaka mingi. Nilipoanza kuota mvi nikageuza upande wa pili. Vijana walikuja wakisema "Shikamoo mzee" kutoka ndani ya helmeti, nami naweka kiganja sikioni: "Sikusikii, mwanangu." Anarudia. "Bado sikusikii." Hapo anavua, anaamkia upya kwa heshima zote, namwitikia. Ilifika mahali vijana wa mjini wakaniita Mzee Kiziwi. Nilikubali jina hilo kwa moyo safi, ingawa mke wangu alisema Mungu asije akasikia akanipa uziwi wa kweli.

Somo la pili sikufundishwa na Mkude, nilifundishwa na sista. Alikuwa mtu mzima, anaendesha pikipiki ya misheni kwenye zile barabara mbovu za huko juu vizuri kuliko wanaume wengi, na helmeti aliivaa juu ya shela yake ya utawa. Nikamsalimia kwa sauti ya chini, akavuta helmeti, na shela nayo ikatoka. Tukabaki tunatazamana, nywele zake fupi za kijivu nje, helmeti mkononi, shela ndani ya helmeti.

"Haya, mzee," akasema, "umeshaona vyote. Sasa naweza kuingia?"

Niliona aibu wiki nzima. Tangu siku hiyo, mtu akiweka mikono kwenye helmeti mimi niligeuka nikatazama mlima. Kama mlima umejifunika mawingu nilitazama hayo hayo mawingu. Mwache mtu apanguse jasho, aweke nywele sawa, awe yeye tena, ndipo umgeukie. Chini ya helmeti kuna mambo: kipara, kidonda, misuko iliyovurugika, kichwa kilichonyolewa juzi kwa msiba. Uso utauona tu, hauendi popote. Lakini ukimkodolea macho wakati anavua, umemvua nguo mbele za watu.

Na helmeti ya mtu usiipindue kabla hujatazama ndani. Mimi niliwahi kupindua moja ikamwaga mayai sita juu ya buti zangu. Mwenyewe alikuwa anampelekea shemeji yake aliyejifungua. Nilitumia muda wangu wa chai kukimbia sokoni kumtafutia mayai mengine, naye akawa anayakagua moja moja kwenye mwanga, akidai yake yalikuwa ya kienyeji.

Maduka nayo yalikuwa na namna zao. Pale Njoro alikuwepo mama mmoja muuza vifaa vya ujenzi, tulimwita Mama Sia. Yeye hakuwa na mlinzi. Mtu akiingia na helmeti akasema, "Nipe misumari kilo moja," Mama Sia aliendelea kufuma sweta yake. "Mama, nimesema misumari!" "Nasikia helmeti inaongea," anasema bila kuinua macho. "Mwenyewe akifika nitamhudumia." Sijasikia kwamba duka lake lilivamiwa hata mara moja, wala sijasikia mteja aliyemnunia.

Lakini mambo mazuri hayadumu. Benki ikaona walinzi wake wenyewe ni mzigo, ikatukabidhi kwa kampuni ya ulinzi. Mzee Mkude akafunga sanduku lake akarudi Morogoro. Mimi nikabaki, maana nilikuwa na watoto shuleni na kahawa yangu ilikuwa imeshikwa na ugonjwa. Nikapewa shati jipya lenye jina langu kifuani kwa herufi kubwa, NJAU, nikapewa kirungu, nikapewa na supavaiza. Kijana mdogo huyo, jina lake nimelisahau kwa makusudi.

"Mzee," aliniambia, "salamu siyo utaratibu. Salamu inapoteza muda. Mtu akiwa mita tatu, mkono juu, unamwambia kwa sauti: Vua helmeti! Basi."

Akiwepo nilifanya ya kwake, asipokuwepo nilifanya ya Mkude. Nikawa mtu wa dini mbili. Hakuna kitu kinachochosha kama hicho, wanangu. Jioni nilipovua buti nilikuwa sijui leo nimekuwa nani.

Na miezi hiyo hiyo nyumbani kulikuwa na jambo. Kijana wangu Eliapenda, fundi umeme, alitaka kuoa. Binti aliitwa Restituta, wa Kibosho, mtoto wa Mzee Aloyce Massawe. Sisi ni Walutheri wa Old Moshi, wao ni Wakatoliki tangu mababu, na mzee mwenyewe alikuwa mkubwa wa jumuiya huko parokiani. Tulipeleka barua ya posa kwa mkono wa mshenga wetu, Mwalimu Temu, aliyekuwa anafundisha huko huko Kibosho. Miezi minane ikapita bila jibu. Eliapenda akakonda. Alikuwa mtoto wa utani, nyumba nzima inamsikia akirudi, sasa anakula kimya, anaosha sahani yake, anakwenda kulala. Mke wangu akaniambia, "Baba Eliapenda, huyu akimkosa huyu binti hataoa tena. Namjua, ndivyo alivyo." Nami nilijua kwamba anasema kweli.

Hatimaye Mwalimu Temu akaleta neno: Mzee Massawe amekubali kutusikiliza, tupande Jumamosi. Mimi mzee huyo sikuwahi kumtia machoni. Kila kitu kilikuwa kimepita kwa mshenga, kama inavyotakiwa.

Alhamisi ya wiki hiyo ilikuwa baridi ya mwezi wa saba, ile ambayo ukungu unashuka mpaka mjini na mlima huuoni siku tatu. Foleni ilikuwa imetoka nje ya mlango, imeshika ukuta. Supavaiza alikuwa amesimama nyuma yangu na kidaftari. Miguu ilikuwa inaniwaka tangu saa mbili asubuhi. Ndipo ikaja pikipiki nyekundu ya zamani, akashuka mzee mwenye koti zito, helmeti kichwani, akaanza kuja taratibu. Kwa mwendo wake tu niliona kuwa amenizidi umri. Nilipaswa kumfuata, niiname, nimwamkie. Mguu wangu mmoja ulishaanza kwenda. Supavaiza akakohoa.

Nikainua mkono. "Vua helmeti!"

Mzee akasimama. Akagusa ubavu wa helmeti, penye sikio, akasema kitu huko ndani.

"Sitaki maelezo! Vua helmeti, wewe!"

Nilimwita mtu mzima "wewe" mbele ya foleni. Akanitazama kidogo, akaitazama foleni, akavua.

Ndani alikuwa amefungwa kanga. Kanga ya mke wake, nyekundu na nyeupe, imezungushwa kichwa kizima na masikio, fundo limekazwa chini ya kidevu, kama mama anayekwenda kukata majani ya ng'ombe asubuhi ya baridi. Na maandishi ya kanga yalikuwa yameangukia kwenye paji la uso wake. Ile methali ya mgeni njoo, mwenyeji apone, ilikuwa imekunjwa ikabaki nusu yake. Kijana mmoja kwenye foleni akasoma kwa sauti: "Mwenyeji apone!"

Foleni ikacheka. Kina mama wakashikana mabega. Supavaiza alicheka mpaka kidaftari kikamwanguka. Na mimi nilicheka. Siwafichi. Sikutabasamu, nilicheka, meno nje, na ndani ya kicheko changu ilikuwemo raha ya mtu aliyechoka kutwa nzima akapata cha kumpumzisha.

Mzee akaanza kufungua lile fundo. Vidole vilikuwa vya baridi, fundo likakataa. Alihangaika nalo hapo mbele ya watu, na mimi niliyefundishwa na sista kugeuka, siku hiyo nilimtazama tu. Fundo likaachia. Sikioni alikuwa na pamba. Akaikunja kanga mara nne, akaiweka ndani ya helmeti, akaiweka helmeti mezani mwenyewe bila kunipa. Kisha akanisogelea, akasoma kifua changu. Hakuwa na haraka. Akaingia ndani. Alipotoka aliitia kanga mfukoni mwa koti, akavaa helmeti kwenye kichwa kitupu, akaondoka na ule ukungu.

Jioni nikamsimulia mke wangu, nikidhani namletea kichekesho. Alikuwa anamenya ndizi.

"Ni mzee?" akaniuliza.

"Mzee hasa."

"Na wewe ulicheka?"

Nikaanza kumweleza habari za supavaiza. Akaendelea kumenya ndizi zake.

Jumamosi tukapanda Kibosho, mimi, mke wangu na Mwalimu Temu, tukiwa na madebe mawili ya mbege. Gari lilikwama kwenye tope mara mbili, tukasukuma na nguo zetu za kanisani. Eliapenda alibaki nyumbani kama desturi inavyotaka. Asubuhi alikuwa amenipigia viatu rangi, akavipanga mlangoni.

Tulipoingia kwenye kihamba cha Massawe, shamba la ukoo lenye nyumba yake, niliona pikipiki kabla sijamwona mwenyewe. Nyekundu, ya zamani, imeegeshwa chini ya migomba. Nikajiambia pikipiki nyekundu zipo nyingi. Tukaketishwa sebuleni, wazee wa ukoo wamejaa kwenye mabenchi, nyuma ya pazia la jikoni nasikia wanawake wakinong'ona. Mwenye nyumba akatoka chumbani amevaa suti ya kijivu. Sikioni bado alikuwa na pamba.

Akatusalimia mmoja mmoja. Akafika kwangu, nikasimama. "Shikamoo, mzee," nikasema.

"Marahaba. Karibu, Njau," akasema, akanishika mkono muda mrefu kidogo kuliko wengine, akaenda kuketi. Nikaelewa kwamba alijua tangu Alhamisi, tangu aliposoma kifua changu. Barua yangu ya posa, yenye jina langu na kazi yangu, alikuwa nayo miezi minane.

Mwalimu Temu akazungumza vizuri, mshenga hasa. Akaongea habari za vijana, za padre na mchungaji kwamba wameshakutana na wameelewana. Wazee wakawa wanaitikia kwa vichwa. Halafu mdogo wake mwenye nyumba, Mzee Protas, mtu wa maneno mengi, akainua mkono.

"Kabla hatujaendelea. Kama kuna neno kati ya nyumba hizi mbili, lisemwe sasa. Tusimtoe mtoto juu ya donda."

Mzee Aloyce akasema, "Mimi sina neno. Mwulizeni Njau kama tumewahi kuonana."

Macho yote yakanijia. Mke wangu akanigeukia, na uso wake ukabadilika polepole. Alikuwa ameiona pikipiki, ameiona na pamba, akaunganisha mwenyewe.

Nikasimama. "Tumeonana, mzee. Juzi Alhamisi, mlangoni kwangu kazini. Nilikukosea. Kosa ni langu lote, hukuwa na kosa hata dogo."

"Kosa gani?" akauliza Protas.

"Analijua yeye, nalijua mimi. Hapa sitalisema."

"Hutalisema? Njau, hapa tunatoa mtoto, hatuuzi mbuzi. Mtu hawezi kutuambia ametukosea halafu akafunga mdomo. Sema, au mchukue mbege yenu mshuke nayo."

Mwalimu Temu akanivuta koti. "Sema tu, yaishe," akaninong'oneza. "Ni dakika moja."

Ilikuwa kweli dakika moja. Nilifikiri juu ya Eliapenda na vile viatu alivyovipiga rangi. Lakini niliwaza pia: nikitamka neno kanga, hawa wote watacheka. Watamcheka nyumbani kwake, mkewe na binti zake wako nyuma ya pazia. Nitakuwa nimemvua mara ya pili, safari hii bila hata amri ya mtu. Na nilimwona mwanangu akila kimya miaka yake yote iliyobaki.

"Basi nitashuka na mbege yangu," nikasema. "Lakini hilo silisemi."

Nikaketi. Mke wangu alikuwa analia chinichini. Protas akaanza kuinuka.

"Kaa, Protas," akasema Mzee Aloyce. "Nitasema mwenyewe."

Akasema yote. Akaanza na sikio, jinsi lilivyomsumbua wiki nzima. Akasema Alhamisi alitaka kushuka benki ili apate cha kununulia mchele wa wageni, na wageni wenyewe ndio sisi. Mkewe akamfunga kanga kwa mikono yake, akamkataza kuifungua mpaka arudi. Akasema habari ya foleni, ya sauti yangu, ya fundo lililogoma. Akaonyesha kwa kidole kwenye paji la uso wake maandishi yalipokuwa, akayasoma: "Mwenyeji apone."

Protas akaziba mdomo. Mzee mmoja wa pembeni akaanza, akijifanya anakohoa. Kisha nyumba nzima ikapasuka. Nyuma ya pazia sauti ya mama ikasema, "Yesu na Maria! Ndiyo maana ulirudi kichwa kitupu ukaniambia umesikia joto!" Hapo wakacheka mara mbili, na mwenye nyumba naye akacheka, akacheka hata akalishika sikio lake kwa maumivu. Mwalimu Temu alikuwa anafuta machozi. Mke wangu akacheka huku bado analia.

Mimi peke yangu ndiye niliyekuwa nimeinamia sakafu.

"Njau," akaniita. "Mbona wewe hucheki?"

"Siwezi, mzee."

"Alhamisi uliweza."

Nikainua macho. Alikuwa ananitazama uso kwa uso, na sikuona hasira. Niliona uchovu tu, kama wangu.

"Alhamisi ulicheka bila ruhusa yangu," akasema. "Leo nimekuruhusu. Cheka, mkwe wangu."

Nilijaribu, wanangu. Nilifungua mdomo nicheke, kikatoka kilio. Nililia kwa sauti mbele ya ukoo mzima wa Massawe mpaka Protas akanishikisha kata ya mbege ninywe ninyamaze, na hivyo ndivyo kijana wangu alivyopata mke.